Mwezi Ulioandama Bila Kibali

Hapo zamani, kabla kalenda hazijaanza kugawiwa bure na wauza mbolea, palikuwa na mji mlimani ulioitwa Mizpa. Watu wake walishika sikukuu za Maandiko, na hawakumuuliza mtu Pasaka ni lini. Waliitafuta wenyewe angani, na kila mtoto alijua inavyotafutwa.

Kwanza, jua. Mizpa ilikaa katikati kabisa ya njia ya jua. Mbele ya nyumba ya ibada ilisimama nguzo, na kila mwaka, karibu na masika, ilifika siku ambayo mchana na usiku vinalingana. Adhuhuri ya siku hiyo jua lilikaa utosini mwa nguzo, na nguzo ikameza kivuli chake chote. Hiyo ndiyo Siku ya Usawa.

Pili, mwezi. Mwezi ukiandama, mpiga baragumu alipanda mwambani akapiga, na kuanzia jioni hiyo watu walihesabu siku kumi na nne, mpaka mwezi ukajaa. Mwezi wa kwanza kujaa baada ya nguzo kumeza kivuli, jioni hiyo ndiyo Pasaka.

Basi. Jua, mwezi, hesabu. Jambo lilikuwa jepesi mno, na ili lisibaki hivyo Mizpa ikaunda Baraza.

Baraza la Siku Takatifu lilikuwa na mwenyekiti, jina lake Elkana. Lilikuwa na karani wa hesabu, jina lake Asafu. Tena lilikuwa na muhuri, na muhuri ulikuwa na chumba chake.

Kazi ya kwanza ya Baraza ilikuwa kuihurumia nguzo, maana ilikuwa ikinyeshewa. Akaitwa fundi Barzilai, seremala asiye na mfano, akaijengea nguzo paa. Lilikuwa paa la mbao za mvule, lenye makomamanga yaliyochongwa pembe zote, na watu walitoka miji jirani kuja kulitazama. Likazinduliwa kwa utepe na hotuba tatu.

Tangu siku hiyo mlinzi wa nguzo alitoa taarifa moja tu kila adhuhuri: "Hakuna kivuli." Jana hakuna, leo hakuna, kesho hakuna. Mwaka mzima ukawa Siku ya Usawa. Baraza likakaa, likaona kwamba Usawa hauwezi kuthibitishwa, likaamua uongezwe mwezi wa kumi na tatu na Pasaka isogee mbele. Asafu ndiye aliyetengeneza hesabu ya kuisogeza, akasifiwa sana, hasa mwandiko. Watu walinung'unika kidogo. Lakini lazima mtu akiri, paa lilikuwa zuri.

Sasa, mpiga baragumu wa miaka hiyo alikuwa binti yatima, jina lake Tirza. Hakuwa na baba, mama, wala mjomba. Jioni moja ya mawingu mazito alikuwa juu ya mwamba, mawingu yakapasuka upande wa magharibi, kiasi cha kupitisha mkono, na katika ufa ule akauona mwezi, mwembamba kama ukucha. Mara ufa ukajifumba. Tirza akapiga baragumu.

Kosa lake lilikuwa moja: ofisi ilikuwa imeshafungwa.

Kesho yake alisimamishwa mbele ya Baraza. Asafu akasoma shitaka kwa sauti nzuri: kuandamisha mwezi bila kibali.

"Mheshimiwa, mwezi umeandama wenyewe," Tirza alisema.

"Una ushahidi kwamba haukushawishiwa?" Elkana akauliza.

"Niliuona kwa macho yangu."

"Macho ya mshitakiwa hayahesabiki. Sheria inataka mashahidi wawili. Wengine walikuwa wapi?"

"Walikuwa wanakula, Mheshimiwa. Wewe pia nadhani ulikuwa unakula."

Jibu hilo halikumsaidia. Baraza likaandika kwamba mwezi umeandama jioni iliyofuata, kwa kufuata taratibu. Tirza akahukumiwa kupelekwa kwenye mashimo ya chumvi na msafara wa katikati ya mwezi. Waliokwenda chumvini walirudi vipofu, kama walirudi.

Palikuwa na tundu moja tu la kumpitisha. Usiku wa Pasaka, kila mfungwa wa Mizpa hufunguliwa. Usiku ule ndipo Israeli walipotoka Misri, nao Wamizpa waliona aibu kula mkate usiotiwa chachu huku wamemfungia mtu mlango. Tena sheria iliendelea: aliyefunguliwa huumega mkate wake wa kwanza nyumbani kwa yule aliyemfungua. Akishaingia mlango ule, ni mwana wa nyumba ile, kwa jina, kwa urithi na kwa kaburi. Na mlango ni mmoja. Hakuna kuingia wa pili.

Haya, pigeni hesabu. Kama mwezi uliandama jioni aliyopiga Tirza, ungejaa jioni moja kabla msafara haujaondoka alfajiri. Kama uliandama kwa kufuata taratibu, ungejaa msafara ukiwa njiani. Na kama ulikuwa mwezi wa kumi na tatu, usio na Pasaka, hata usijae kabisa, kwa Tirza ni mamoja. Alikuwa amepunjwa mara mbili, kwa mwezi mzima na kwa siku moja, na siku moja peke yake ilitosha kumpofusha.

Siku zikaenda. Ikabaki adhuhuri ya mwisho. Barzilai akaitwa mahabusu, pale pale kando ya uwanja, ampime Tirza shingo, maana wafungwa wa msafara walitiwa kongwa la mti, na Baraza lilipenda kongwa liwe la kiasi chake.

"Shikamoo, fundi," Tirza akasema kupitia dirisha.

"Marahaba, binti yangu. Inua kidevu."

"Kivuli chako kiko wapi?"

Barzilai akatazama chini upande wa kulia, akatazama wa kushoto. Akainua mguu. Kivuli kilikuwa chini ya unyayo, kimejikunja kama paka. Akageuka kuitazama nguzo. Nguzo ilikuwa kivulini, imestarehe, chini ya paa lake.

"Mlinzi!" akaita. "Leo ni Siku ya Usawa! Tazama miguu yangu!"

"Kivuli cha fundi si kivuli rasmi," mlinzi akajibu. "Cha nguzo ndicho rasmi."

"Nguzo ina paa!"

"Ndiyo, na uliliweka vizuri."

Barzilai akachukua shoka lake, akalipanda lile paa, akaanza. Mbao za mvule zikaruka. Makomamanga aliyoyachonga msimu mzima yakabingirika uwanjani, na watoto wakayakimbilia. Watu wakajaa. Wengine wakamshika miguu, wakisema, "Fundi, umerogwa? Hii ni kazi ya mikono yako!" Akasema, "Ndiyo maana najua pa kupiga." Paa likaanguka lote kwa mlio mmoja. Jua likaipata nguzo, na nguzo ikasimama peupe, bila kivuli hata cha kumfunika sisimizi.

"Hakuna kivuli," mlinzi akatangaza kama kawaida yake, na kwa mara ya kwanza mwaka ule akawa amesema kweli.

Baraza likaitwa kwa dharura, maana yake lilikutana alasiri. Watu wakabanana hadi madirishani.

"Usawa umethibitishwa," Elkana akasema, "na hasara ya paa itajadiliwa kikao kingine. Mwezi huu basi ni mwezi wa Pasaka. Ila Pasaka ni kesho jioni, maana mwezi uliandama siku moja baada ya mshitakiwa kupiga kelele. Msafara unaondoka alfajiri. Ahsanteni kwa mahudhurio."

"Mimi niliuona mwezi."

Sauti ilitoka upande wa wanawake. Aliyesema alikuwa Hulda, mke wa Elkana mwenyewe.

"Mama Zabdi, kaa chini," Elkana akasema.

"Niliuona jioni ileile ya baragumu, uani kwetu, naanua nguo. Huyo ni shahidi mmoja. Wa pili alikuwa amesimama kando yangu, ameshika kikombe cha uji." Akanyoosha mkono. "Yule pale, kwenye kiti kikubwa."

Vichwa vyote vikageukia kiti kile.

"Nilimwambia, Baba Zabdi, tazama, mwezi. Akatazama. Akasema, 'Mzuri, lakini ofisi imefungwa.'"

Kicheko kikapasuka mpaka nje madirishani.

"Mwenyekiti," mtu akapaza sauti, "uliuona au hukuuona?"

"Niliuona kama mume," Elkana akasema. "Kama mwenyekiti sikuuona." Kisha akamgeukia mkewe, na safari hii hakuna aliyecheka. "Wewe, nyumbani kwangu usirudi."

Hulda akafungua kitambaa cha kiunoni, akatoa funguo, akaziweka mezani mbele yake.

"Mashahidi ni wawili," akasema. "Hesabuni."

Elkana akatazama dirishani. Jua lilikuwa limeshaanza kugusa mlima.

"Ushahidi umepokelewa," akasema. "Utachunguzwa. Hakuna siku takatifu inayoingia bila muhuri, na chumba cha muhuri kimefungwa. Kikao kinaahirishwa hadi kesho saa tatu."

Saa tatu ya kesho, Tirza angekuwa nyuma ya vilima, shingo ndani ya kongwa.

Hapo ndipo karani Asafu aliposimama. Hakuna aliyewahi kumwona Asafu akisimama bila kuambiwa.

"Jua limethibitishwa. Mwezi umethibitishwa. Kumi na nne zimetimia," akasema. "Pasaka ni leo. Inaingia sasa hivi."

"Karani!" Elkana akaita. "Si wewe uliyetupatia mwezi wa kumi na tatu? Hesabu ile ilikuwa na kasoro gani?"

"Haikuwa na kasoro, Mheshimiwa. Ilikosa jua na mwezi tu."

Akatoka. Akaenda stoo ya vielelezo, akachukua baragumu la Tirza, bado limebandikwa kibandiko cha kesi. Akapanda mwambani, mtu mzima mwenye kitambi, akipumua kama mvukuto, akapiga. Alipiga vibaya. Ilikuwa sauti ya ng'ombe mwenye kikohozi. Lakini ilikuwa sauti ya baragumu, jua lilikuwa limezama, na upande wa mashariki mwezi ulikuwa unachomoza, mviringo, umejaa pomoni. Nani angengoja muhuri? Wanawake wakatia mikate motoni, watu wakaingia majumbani, wakala. Na Pasaka ikishaliwa hakuna baraza linaloweza kuiahirisha.

Mlinzi wa mahabusu akafungua mlango. Tirza akatoka uwanjani, mkononi amepewa mkate wake mzima, haujamegwa.

Wakamjia watu watatu.

Barzilai akasema, "Njoo kwangu, mwanangu. Bila nguzo kuonekana, Pasaka ilikuwa mbali mwezi mzima. Nimevunja kazi ambayo sitaweza kuifanya tena, mikono hii inazeeka. Kwangu kuna watoto sita, wa saba hatakosa mahali."

"Na paa lililoificha nguzo alijenga nani?" watu wakauliza.

"Mimi," Barzilai akasema.

Hulda akasema, "Njoo kwangu, binti. Nguzo pekee ingekuacha chumvini kwa siku moja. Nimetoa ndoa yangu mbele ya watu. Nyumba niliyo nayo sasa ni kibanda alichoniachia mama, na usiku huu nalala humo peke yangu. Wewe huna mama. Zabdi wangu amebaki kwa baba yake; mimi sina mtu."

"Na siku zote hizo yeye yuko mahabusu, wewe ulikuwa wapi?" watu wakauliza.

"Nilikuwa ninamsikia," Hulda akasema. "Nilikuwa kimya."

Asafu akasema, "Njoo kwangu. Hawa wamekuletea jua na mwezi, na vyote viwili vilikuwapo. Vingekuwapo na kesho, nawe hupo. Mimi ndiye niliyesema leo. Na nimepiga baragumu bila kibali, kosa lako lilelile. Mwenyekiti amekwisha kuniambia kwamba Pasaka ni halali, kuipigia baragumu ndiko kusiko halali. Sikukuu ikiisha nitashikwa, na msafara mwingine utanikuta. Sina mtoto. Nikienda bila mwana, nyumba yangu itafutwa jina."

"Na shitaka la Tirza aliliandika nani?" watu wakauliza.

"Kwa mwandiko mzuri!" mmoja akadakia.

Asafu akainamisha kichwa. "Mimi," akasema.

Wa nne akajitokeza, hakuna aliyemwita. Alikuwa Elkana.

"Naomba na langu liingie kwenye kumbukumbu," akasema. "Nisingemfunga, nani angemfungua? Tena mimi ndiye shahidi wa pili. Bila jicho langu, ushahidi wa Mama Zabdi usingetosha."

Wakamzomea mpaka akarudi nyuma. Ila bibi mmoja mjuzi wa sheria alitikisa kichwa taratibu, akanong'ona, "Lakini shahidi wa pili ni yeye kweli," na waliomsikia wakakosa raha.

Tirza akawatazama wote. Akatazama mikono ya fundi iliyochubuka. Akatazama kiuno cha Hulda kisichokuwa na funguo. Akatazama midomo ya karani, iliyovimba kwa baragumu.

"Kila mmoja wenu alinifunga," akasema, "na kila mmoja amenifungua. Mngenipa mwaka wa kufikiri."

"Una mpaka mwezi upite juu ya nguzo," wazee wakamjibu. "Asiyeingia mlango wowote usiku huu hana nyumba Mizpa."

Mwezi ulikuwa umeshapanda. Kivuli cha nguzo, safari hii cha mwezi, kilikuwa kinajikusanya taratibu kuelekea shinani, na Tirza amesimama njia panda, mkate mkononi.

Nyinyi mliosikiliza hamna muhuri wala ofisi ya kufunga, kwa hiyo hamna kisingizio. Jua lilifunuliwa na aliyelificha, mwezi ukasemwa na aliyeunyamazia, hesabu ikasahihishwa na aliyeipotosha. Je, ni nani kati yao aliyestahili Tirza amege mkate nyumbani kwake?