Riale ya Mlangoni

Hapo zamani, katika mji wa Kiwanduni, alitawala Sultani Badawi, naye alikuwa na jumba la fahari ambamo zilisomwa sifa za babu zake kumi na wanane. Kiingilio kilikuwa riale moja. Basi watu hawakwenda ng'o. Walijazana kwa Bi Mwanakombo, muuza kahawa, maana pale kwa kikombe kimoja tu mtu alisimuliwa visa na Shekuwe, mtoto wa kaka yake, mpaka mbavu zikamuuma. Shekuwe huyo hakuwa na mbele wala nyuma. Alikula kwa shangazi, akalala kwa shangazi.

Sultani akaona wivu, akamwita.

"Shekuwe, umeniibia watu."

"Maulana, nimewapa mahali pa kukaa tu."

"Ijumaa jumba langu lijae, na kapu la fedha lijae. Mlangoni ni riale, isipungue kwa yeyote, hata awe nani. Wala katika sifa lisiondolewe neno. Ukishindwa, jiko la shangazi yako nalizima, na kahawa haitauzwa tena mjini humu."

Shekuwe akarudi nyumbani. Siku mbili hakula. Ya tatu akacheka peke yake, hata shangazi akadhani kapandwa na kichaa, kisha akatoka kupiga mbiu: "Kuingia jumbani bure! Riale ya mlangoni atatoa anayetoka. Atakayevumilia hadi dua ya mwisho atapitia dirishani, na dirishani Sultani hakuweka bei."

Lo, Ijumaa watu walimiminika! Maskini walikuja na mikeka, na ukili wa kusuka, na kunde za kumenya, wakatulia tuli, maana kwao kungekuwa na kazi ile ile. Bi Mwanakombo naye akaja na buli lake. Matajiri wakaja kwa kuwa ni bure; ikawa babu wa pili hajamaliza kutawazwa, wanasukumana mlangoni na riale mkononi. Waziri alitoa mbili ili apishwe mbele. Kapu likafurika, na jumba bado limejaa.

Sultani akaja mwenyewe kutazama, akakaa mbele kabisa akitabasamu. Kumbe tangu azaliwe hajapata kuzisikiliza sifa zile. Kazi yake ilikuwa kuagiza zisomwe. Kufika babu wa tano, mguu ukafa ganzi. Wa saba, akasimama ajiondokee.

Nayo desturi ya Kiwanduni ilikuwa hivi: Sultani akisimama, msomaji huanza upya, kwa heshima, aliyesimama asikose babu hata mmoja. Basi msomaji akakohoa, akarudi kwa babu wa kwanza. Sultani akaketi haraka. Alipoona hali si hali, akainuka mbio hadi mlangoni, na nyuma yake babu wa kwanza akaanza kuzaliwa mara ya tatu.

Shekuwe akanyoosha kiganja. "Riale, Maulana."

Sultani akajipapasa. Joho la kifalme halina mfuko. Akamtafuta waziri, waziri yuko kwake zamani. Akawageukia maskini, nao wakainamia kunde zao, mabega yakitikisika kwa kicheko.

"Twaa pete hii."

"Pete si riale, Maulana. Umesema hata awe nani."

"Dirishani, basi."

"Baada ya dua."

Babu wa kwanza sasa alikuwa anaota meno. Sultani akamtazama Shekuwe, akalitazama kapu, kicheko kikampanda kutoka tumboni hata kilemba kikaenda upande.

"Sikieni nyote," akasema. "Tangu saa hii bei ya mlango ni kikombe cha kahawa. Babu zangu watasomwa watatu, wale wenye vituko. Kisha Shekuwe asimulie, apewe chumba humu humu, na shangazi yake aweke jiko kibarazani. Bi Mwanakombo, nikopeshe kikombe."

Bi Mwanakombo akammiminia, machozi ya furaha yakimtoka, na Sultani akakitoa mlangoni, akapita huru kama mtu aliyefunguliwa gerezani.

Hakufika mbali. Kule ndani babu wa siku ile walihesabiwa wameshasomwa, Shekuwe akawa ameanza kisa, na jumba zima likaangua kicheko. Sultani akasimama njiani, akangoja kidogo. Kikaja kicheko cha pili, kikubwa zaidi. Ndipo akakusanya joho lake akarudi mbio, akawasukuma waliokuwa wakiingia, akisema, "Bi Mwanakombo, nikopeshe kingine."

Aliyecheka acheke tena. Hekaya yangu nimeifunga.