Kipusa na Cheti cha Tusekile

Ng'ombe aliyeuzwa hakamuliwi. Mlimsikia shangazi yenu Tusekile akisema hivyo msibani, majirani walipoanza kuhesabu miaka ambayo baba yenu angeongeza kama angewahishwa hospitali kubwa. Wazee wakatabasamu na machozi yao, nanyi mkanigeukia. Methali hii haikutoka mbali. Ilizaliwa katika banda la nyuma ya nyumba hii, na aliyeisababisha ni baba yenu mwenyewe, Gwamaka.

Nilikuwa bado bibi harusi hapa. Babu yenu alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa aitwaye Kipusa, pamoja na binti yake, mtamba ambaye alikuwa hajapandwa. Gwamaka ndiye aliyemkamua Kipusa na kupeleka maziwa kituoni, kule barabarani ambako watu hupanga foleni alfajiri na vyombo vyao. Maziwa ya Kipusa yalisifiwa, na sifa zile Gwamaka alizivaa kama koti.

Ndipo Tusekile, mdogo wake, alipotaka kwenda chuo cha mjini Mbeya kusomea cheti cha mitandao ya kompyuta, yaani kuunganisha kompyuta za ofisi ili zipelekeane habari. Masomo yalikuwa ya mwaka mmoja, na ada ilikuwa sawa na ng'ombe mzima.

Babu yenu alimuuliza mbele yetu sote, "Ukimaliza utapata kazi?"

"Sijui, baba. Walionitangulia, wengine wameajiriwa na wengine wanauza vocha."

Mzee akatazama bandani. "Kipusa naye anaweza kufa kesho kwa ndigana," akasema. "Bora nimuuze angali mzima. Mtamba atakuwa wa Gwamaka."

Gwamaka hakushukuru. "Baba ameuza ng'ombe tununue waya," aliniambia tukiwa jikoni. Nilidhani anayalilia maziwa. Baadaye mama mkwe alinieleza kwamba miaka ya nyuma Gwamaka aliomba kwenda chuo cha ufundi wa magari, na wakati ule nyumba haikuwa hata na mbuzi wa kuuza.

Basi Kipusa akaondoka, Tusekile akaondoka. Lakini baba yenu aliendelea kwenda kituoni kila alfajiri, mikono mitupu. Alisimama kando ya foleni akitazama maziwa ya wenzake yakipimwa.

"Gwamaka, leo Kipusa katoa ngapi?" walimtania.

"Kumi na mbili," alijibu, bila kucheka. "Mvua hii imeotesha majani mazuri."

Akirudi, jua limeshapanda, na mtamba alikuwa bado hajapata majani. Mara nyingi nilimkatia mimi. Mtamba alipolia kwa kutaka dume, nilimwambia baba yenu ampeleke kwa mzee Mwambene, ng'ambo ya mto, mwenye dume zuri. Alisema, "Huyo hata akizaa, hatakuwa Kipusa." Siku yake ya kupandwa ikapita, na iliyofuata ikapita vilevile.

Tusekile alirudi na cheti, na kazi hakupata. Msimu mzima wa mahindi alikaa nyumbani akiandika barua za maombi. Sijawahi kumwona baba yenu mwenye furaha kama siku zile. "Fundi wa mitandao," alimwita, "hebu niunganishie majani haya na huyu mtamba." Tusekile alibeba majani, akampelekea mtamba.

Kisha hospitali moja ya misheni ikamwita. Mshahara ulikuwa mdogo. Wa kwanza ulimletea mama kitenge, ukatuletea sukari, ukaisha. Hata hivyo siku ile baba yenu hakula. Jioni alitukusanya.

"Nataka haki," alisema. "Tangu Kipusa auzwe angeshazaa tena. Pigeni hesabu ya maziwa yake, muweke na ndama, halafu mtazame mshahara wa huyu. Nani yuko mbele? Tusekile anilipe maziwa yangu."

"Kaka, maziwa yapi?"

"Yale unayovaa shingoni." Alikuwa amekiona kitambulisho chake cha kazi.

Babu yenu alitikisa kichwa polepole. "Kwa hesabu, huenda una haki. Pengine Kipusa angekuwa mbele hadi leo. Mimi sikujua, nilichagua tu."

Gwamaka alikuwa anafungua kinywa ashindilie ushindi wake, na huko bandani mtamba akalia. Akalia tena, kwa sauti ndefu ambayo kila mfugaji anaijua.

"Huyo ni wa nani?" mzee akauliza.

"Wangu."

"Ni mara ya kwanza kulia?"

Gwamaka akanitazama ili nimfichie. Nikasema, "Hapana, baba. Amelia mwaka mzima."

Mzee akasimama, akavaa kofia yake. "Ng'ombe aliyeuzwa hakamuliwi, mwanangu. Huyu unaye." Akaenda zake kulala.

Kesho yake, mvua ikinyesha, Gwamaka alimfunga mtamba kamba. Mtamba akagoma mlangoni. Tusekile alijitokeza bila kuitwa, akamsukuma kwa nyuma, na sote watatu tukateremka mtoni katika matope yale. Mimi nilitangulia na fimbo, kwa hiyo nilisikia tu.

"Chuo kile," baba yenu alisema, "ningesoma mimi, ningekuwa wa kwanza darasani."

"Najua, kaka," Tusekile akajibu. "Mimi nilikuwa wa kumi na tisa."

Baba yenu akacheka hadi kamba ikamponyoka. Hakuacha wivu siku ile, msidhani. Ila kituoni hakwenda tena hadi alipokuwa na maziwa ya kupeleka, na foleni ilipomuuliza habari za Kipusa, alijibu mwenyewe, kabla mtu mwingine hajamwambia: ng'ombe aliyeuzwa hakamuliwi.