Safu ya Mbele Haina Mwenyewe

Hapo zamani, katika mji wa Kipumbe, alikuwako Mwalimu Faki, ambaye kila Ijumaa asubuhi alitwaa kipande cha mkaa akaandika maneno machache ya dini kwenye ukuta mweupe wa soko. Watu wakasoma, wakabishana, na wenye mkaa wao wakajibu chini yake. Ikawa Ijumaa moja akaandika: "Safu ya mbele msikitini haina mwenyewe." Mji mzima ukaangua kicheko, maana Sultani Abdulmajidi alikuwa na zulia lake nyuma ya imamu, na aliyelikanyaga alitolewa kwa bakora, hata kama Sultani mwenyewe yuko nyumbani amelala.

Sultani hakucheka. Kwa kuwa alijivunia hati yake ya mkono, alishika kalamu mwenyewe akaandika amri: atakayeandika neno la dini kabla ya kupata muhuri wa Sultani atafungwa, awe nani awe. Amri ikabandikwa mlangoni pa jumba, na Mwalimu Faki akatiwa gerezani siku ile ile, kwa neno aliloliandika kabla amri haijazaliwa.

Basi mkewe, Mwanakheri, akaenda kumlilia Shamte, fukara mwenye kanzu moja, ambaye siku ya kuifua hatoki nje. Watu walimwita mpumbavu kwa sababu alishika maneno kama yalivyosemwa. Mwanakheri akamweleza kuwa mumewe ana pumu na gereza lina unyevu, hatayamaliza masika. Shamte akaingiwa na uchungu, akaenda barazani.

Sultani alipomsikiliza akatabasamu. "Niletee kesho barua ya kumwombea, isiyo na hata neno moja la dini. Likionekana moja, utakwenda kumtazama mwalimu wako huko huko gerezani."

Kesho yake Shamte akaja na mkeka kwapani na karatasi mbili mkononi, akatoa ya kwanza. Ilikuwa tupu. Sultani akamwuliza mbona hakuandika kitu.

"Seyyid yangu, nilitaka kuanza kwa Bismillahi, nikakumbuka amri. Nikataka kukusalimu, nayo salamu ni dua. Nikasema basi, niandike jina lako tu. Kumbe Abdulmajidi maana yake mja wa Mwenyezi Mtukufu. Nikaweka kalamu chini."

Kisha akakunjua karatasi ya pili, nayo ni ile amri, ameibandua mlangoni. Akampa kadhi aliyeketi kando ya Sultani aisome. Kadhi akasoma, "Bismillahi Rrahmani Rrahimi," akakwama hapo hapo.

"Kadhi wetu," akasema Shamte kwa upole, "muhuri u juu ya neno hilo, au chini?"

"Chini kabisa."

"Basi neno limetangulia muhuri. Na hati hii ni ya nani?"

Kadhi akatazama miguu yake. Hapakuwa na mtu asiyeijua hati ile.

"Imeandikwa awe nani awe," akasema Shamte. "Nimekuletea mkeka, Seyyid, maana kule sakafu ni mbichi."

Uso wa Sultani ukaiva kwa haya, kisha akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Akaichana amri kwa mkono ule ule ulioiandika, akaamuru mfungwa aletwe. Mwalimu akatoka akikohoa, Mwanakheri akampokea kwa furaha, na Shamte akarudi na mkeka wake.

Ijumaa iliyofuata zulia lilikuwa limekunjwa. Sultani akachelewa, akapata nafasi safu ya mwisho, mlangoni penye viatu, na Shamte akamsogezea kipande cha mkeka.