Mchokoza Mada wa Mama Kokushubila

Usiku, nyumba ya wageni ya chuo imelala, Tunsume alikuwa ananyonyesha akasikia mtu anasoma ng'ambo ya ukuta, anasoma, anafika mahali ananyamaza, halafu anaanza upya, maneno yale yale. Akatabasamu. Chumba kile alikuwamo mwalimu wake wa falsafa, Mama Kokushubila. "Bibi yako huyu hachoki," akamnong'oneza mtoto, "kesho ana warsha ya maadili na bado anajifua."

Asubuhi ukumbi ulijaa. Mama ndiye mtoa mada, na alikuwa amemwomba Tunsume, kwa jina lake, awe mchokoza mada. Sasa mchokoza mada kwenye warsha zile hasifii, jamani, akisifia anachekwa. Kazi yake ni kuipiga hoja mpaka ijulikane kama ina mifupa. Na Tunsume kwa kupiga hoja walishampachika jina, Nyundo. Mkuu wa idara alikaa mbele kabisa. Mkataba wa Tunsume wa kufundisha ulikuwa unaisha, na mkuu alisema atamsikiliza kwanza siku hiyo ndipo aamue.

Mama akasoma ukurasa wa kwanza vizuri mno. Alipoumaliza akaurudia, kama hajawahi kuuona, na kile kichekesho chake akakisema tena, akacheka peke yake. Watu wakatazamana. Ndipo Tunsume akaelewa alichosikia usiku, kumbe hakukuwa kujifua.

Mwenyekiti akakohoa. "Muda unatubana, Mama. Haya Nyundo, tuchokoze!"

Tunsume akasimama. Akisema alichokiona, atamvua mwalimu wake nguo mbele za watu. Akisema mambo yalikuwa sawa, atakuwa mwongo, na mwalimu ndiye aliyemfundisha kuuchukia uongo.

"Mwenyekiti, naomba muda wangu niutumie kusoma kurasa zilizobaki. Hoja yenyewe iko huko, tusipoisikia tutajinyima wenyewe."

"Leo nyundo imekuwa pamba!" mtu akadakia kule nyuma, ukumbi ukaangua kicheko. Mkuu wa idara akatikisa kichwa. Tunsume akasoma, akasoma, mpaka mwisho, na kicheko kikafa chenyewe kwa sababu hoja ilikuwa nzuri kweli.

Wakati wa chai Mama akamvuta nyuma ya ukumbi.

"Mbona hukunigonga, we mtoto?"

"Sikuwa na pingamizi, Mwalimu."

"Mwongo mkubwa! Wewe umewahi kunipinga hata nilipokuita uje ule."

Tunsume akacheka, halafu machozi yakamtoka. Akamshika mikono. "Mwalimu, ulisoma ukurasa mmoja mara mbili. Na hukujua."

Akangoja hasira. Mama akashusha pumzi, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Basi ni kweli. Unajua kwa nini nilikuomba wewe? Mwezi wa ngapi huu nawauliza wenzangu, hivi mimi nasahau au sisahau, wote wananiambia, 'Uko sawa, Mama, uchovu tu.' Wananipenda, sikatai. Lakini niende hospitali nikawaambie nini, nimechoka? Nikasema Nyundo hatanificha. Nilijua utanigonga pale pale mbele yao, nikajiandaa kuaibika. Kumbe ungeweza kuniambia huku nyuma, na kikombe cha chai mkononi!"

Akamfuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Na mkuu wako amenuna."

"Anune. Kesho nakupeleka hospitali, mimi na mtoto mgongoni."

"Wanangu nitawaambia mwenyewe. Hao wengine wasijue kwanza."

"Hawatajua, Mwalimu. Simwambii mtu mwingine yeyote."

Funzo: Ukimpenda mtu, msitiri mbele za watu, kisha kaeni wawili umwambie ukweli; ukimsitiri halafu ukanyamaza, umemwacha peke yake.