Jembe Lililolazwa Kifudifudi

Zamani jembe lilikuwa halilali. Mtu alilala, ng'ombe alilala, hata moto ulifunikwa majivu ukalala. Lakini jembe lilisimama nyuma ya mlango, limevaa mpini wake, likingoja kuitwa.

Siku hizo mlima mzima wa Nyarubale, na migomba yake, na chemchemi yake, na hata nyasi za kuezekea, ulikuwa wa mtu mmoja, Rutinwa, mwenye cheo cha Mtwale. Mfalme alimpa babu yake mlima ule pamoja na watu waliokuwa juu yake, kama mtu anavyopewa mzinga pamoja na nyuki. Watu hao waliitwa watwarwa. Nyumba waliyoijenga haikuwa yao, na mgomba walioupanda haukuwa wao. Kila walipokamua ndizi, kibuyu cha kwanza cha pombe kilikuwa cha Mtwale. Kila walipoponda magome ya miti kutengeneza nguo, nguo iliyo laini zaidi ilikuwa yake. Na katika kila siku nne, siku mbili walilima shamba lake kubwa lililoteremka mpaka bondeni. Aliyeshindwa alifukuzwa mlimani, akaiacha migomba yake na makaburi yaliyo katikati yake, maana huko mtu huzikwa penye migomba ya nyumba yake.

Sheria ya shamba ilikuwa fupi: kila nyumba, jembe moja. Msimamizi, aliyeitwa Kagaruki, hakutazama nyuso. Alipanda juu ya kichuguu asubuhi na kutazama majembe tu, yakipanda na kushuka ndani ya ukungu.

Katika watwarwa hao alikuwapo kijana mpole, Byabato. Alipenda kutafuna buni kavu za kahawa, na kila alipofika mwisho wa mstari aligonga jembe lake kwenye jiwe mara mbili kudondosha udongo: ko, ko. Mkewe Kokuhirwa alikuwa akiisikia sauti hiyo kutoka mbali, akajua ni wakati wa kuepua chakula. Walikuwa na mtoto mchanga, Kaijage.

Masika yalipoanza, Byabato alishikwa na homa, na siku ya tatu alfajiri akafa. Ilikuwa siku ya shamba. Wanawake walikuwa bado wanalia Kagaruki alipoinama mlangoni.

"Poleni," alisema, haraka kama mtu anayetema mbegu. "Jembe la nyumba hii liko wapi?"

"Baba, mwenye jembe ndiye huyu amelala," alijibu Nyamwiza, mama mzazi wa marehemu. "Hata maji ya kumwosha hatujachota."

"Nimemwona. Aliyekufa ni Byabato. Jembe halikufa."

Kokuhirwa alimtazama mumewe kwenye mkeka, akatazama migomba ya nje. Wakifukuzwa leo, atazikwa wapi? Na Kaijage akikua, ataambiwa baba yako yuko wapi? Alimfunga mtoto mgongoni, akalichukua jembe la mumewe, akaenda.

Shambani, mwanamke wa kulia kwake, jirani yake Kokunura, alikuwa akilima hatua moja zaidi kuingia katika mstari wa Kokuhirwa, bila kumtazama, ili mstari ule upungue. Mwingine alikata jani la mgomba akamfunika mtoto asilowe manyunyu. Hawakuwa na kingine cha kutoa.

Mstari wa kushoto ulikuwa mtupu. Ndiyo sehemu ambayo Byabato aliiacha alipoanza kuugua. Ukungu ulipozidi kuwa mzito, Kokuhirwa alisikia jembe likilima upande huo. Alidhani ni mwangwi. Akasimamisha jembe lake, lakini lile jingine halikusimama. Harufu ya buni za kahawa ikapita karibu na uso wake. Kaijage, mgongoni, akageuza kichwa kushoto na kucheka, kama mtoto anavyomcheka mtu anayemjua. Kisha kule chini, penye jiwe: ko, ko.

Ukungu ulipoinuka, mstari wa kushoto ulikuwa umelimwa wote. Udongo ulikuwa mbichi, na hapakuwa na alama ya unyayo hata moja.

Kesho yake walimzika penye migomba yake. Lakini kila siku ya shamba ilipofika, udongo wa kaburi ulibonyea katikati, kama kitanda cha mtu aliyeamka sasa hivi. Na masika yale yaliua wengi. Kila palipolia msiba, Kagaruki alifika kudai jembe, na kila jembe liliongeza sauti moja ndani ya ukungu.

Rutinwa alipoambiwa, hakuogopa. Alifurahi. "Hawali, hawanywi, hawaugui," alisema. "Nani amewahi kupata watu wema namna hii?" Ndizi za shamba lile zikanenepa kuliko za mlima wote. Lakini ukimenya moja, ndani ilikuwa ya kijivu, na ilinuka udongo wa chini. Pombe yake ilikataa kuchachuka. Mbuzi waliotupiwa maganda walirudi nyuma. Rutinwa alisema ni mvua tu.

Kokuhirwa alianza kuchukua ndizi mbili za kuchoma na maji, akaviweka mwanzo wa mstari wa kushoto, kama alivyofanya enzi za uhai wa mumewe. Jioni alivikuta vilevile. Hata siafu walipita kando. Na ile sauti ya jembe ikawa inapungua kasi. Kati ya ko ya kwanza na ko ya pili pakawa na kimya kirefu.

Siku moja mchana, katika kimya hicho, alisikia sauti.

"Kaijage ameota jino?"

Kokuhirwa hakugeuka. "Ameota mawili," alisema.

"Nimechoka, Mama Kaijage."

"Basi lala, mume wangu."

"Nilalaje? Jembe likisimama na mpini wake, nami lazima nisimame."

Alirudi nyumbani akamsimulia mama mkwe. Walikaa wakilitazama jembe nyuma ya mlango.

"Tukiling'oa mpini, halitakwenda shambani," alisema Kokuhirwa. "Tutafukuzwa, mama."

"Tutafukuzwa."

"Na Kaijage atakosa pa kuishi."

Nyamwiza alimpakata mjukuu wake, akamfuta mate kidevuni. "Mwanangu, mimi nilimzaa Byabato. Nilimlaza mwenyewe miaka mitatu kila siku kwa kumpapasa mgongo. Nitaishije hapa nikisikia halali?" Akanyoosha mkono, akaokota jiwe la kusagia, akampa mkwewe.

Kokuhirwa aligonga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpini ukachomoka. Akalilaza jembe mlangoni kifudifudi, kama unavyomlaza mtoto anayeumwa tumbo.

Ng'ambo ya ua, Kokunura aliuliza, "Mnavunja nini huko?" Akaelezwa. Kisha nyumbani kwake nako jiwe likasikika likigonga, ingawa yeye hakuwa amefiwa. "Akimfukuza mmoja, atufukuze sote!" alipaza sauti. Nyumba ya tatu ikagonga, na ya nne, sauti ikateremka mlima mzima, kama siku ya kuponda magome.

Siku ya shamba, Kagaruki alisimama juu ya kichuguu chake, lakini hakuona jembe hata moja. Walio hai walikaa milangoni mwao. Waliokufa walikuwa wamelala. Alikimbia kumwita Rutinwa, naye Mtwale akashuka mwenyewe ndani ya ukungu, akiyapita majembe yaliyolazwa milangoni bila mipini, amejaa hasira.

"Limeni!" alipiga kelele. Ukungu haukujibu.

Kisha akasikia jembe moja. Lilikuwa likilima juu, karibu kabisa na ua wake. Alicheka, akasema, "Angalau mmoja ananiheshimu," akaifuata sauti. Alipokaribia, alisikia kwamba mlimaji anaimba kwa kuvumisha, midomo imefungwa. Ulikuwa wimbo wa kubembeleza mtoto. Rutinwa aliujua kabla ya kujua kutembea.

Alikuwapo zamani mtwarwa mmoja, Kabonesa, aliyemlea Rutinwa mgongoni mwake. Hakuwa na mume wala mtoto wake mwenyewe. Alikuwa amekufa masika yale, na Rutinwa mwenyewe ndiye aliyesema jembe lake lipelekwe shambani kwa kuwa palizi imechelewa. Jembe hilo lilisimama nyuma ya mlango wa Mtwale, na hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeling'oa mpini.

"Kabonesa?" aliita.

Wimbo ukakatika. "Nipo, bwana mdogo," sauti ilijibu. "Bado kidogo tu, nitamaliza."

Rutinwa alirudi nyumbani mbio. Alitwaa jiwe kwa mikono yake laini isiyojua kazi, akagonga mpaka vidole vikatoka damu na mpini ukatoka. Mlima wote ukanyamaza. Nyasi za njiani zikainama, moja baada ya nyingine, polepole, kama anapopita mtu mzee. Kitu baridi kikamgusa utosini, kikakaa hapo kidogo, kikaondoka.

Mlima haukuwa wa watwarwa bado. Hilo lilichukua vizazi. Lakini hakuna aliyefukuzwa, wala Kagaruki hakuinama tena katika mlango wenye msiba.

Na tangu siku hiyo, mtu akifa kwenye milima ile, kabla ya kuchota maji ya kumwosha, jembe lake hung'olewa mpini na kulazwa kifudifudi mlangoni, na majirani wote huacha kulima mpaka matanga yaishe. Ndiyo maana jana, wanangu, mlipoona jembe la jirani yetu limelala vile mkaniuliza nani amelivunja, niliwaambia mpite taratibu. Halikuvunjwa. Nalo limefiwa.

Na ikiwa siku ya msiba mtasikia jembe likilima ndani ya ukungu, kisha ko, ko, msiite kuuliza ni nani. Rudini nyumbani, mkatazame ni jembe la nani bado limesimama nyuma ya mlango.