Bawa Lisilo na Alama

Mama mmoja mjane alikuwa na wana wawili, na wote wawili walikuwa na kichaa kimoja: kuunda ndege kwa mikono yao. Msicheke. Kuna waliounda mambo ya kijinga zaidi wakaitwa waheshimiwa.

Mkubwa, Anaeli, aliunda kwa faiba, yaani kitambaa cha nyuzi za kioo. Mdogo, Elifuraha, aliunda kwa kaboni. Kazi ni ileile: unalaza kitambaa juu ya kalibu, unakilowesha gundi, unalaza kingine juu yake, unaacha vikauke mpaka viwe kitu kimoja kigumu. Lakini tabia zao si moja. Faiba ni nzito, tena inapinda kabla ya kuvunjika. Ukiigonga, hubaki doa jeupe palepale, kama mtoto wa jicho. Kaboni ni nyepesi, ngumu, nyeusi, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Ukiigonga, haisemi.

Siku moja ndama aliponyoka, akaingia bandani kwa Anaeli na kulisukuma bawa kwa kichwa. Doa likatokea. Anaeli akalikwangua kwa msasa, akabandika kiraka. Baadaye ngazi ikateleza, kiraka kingine. Elifuraha akija kumtembelea, husimama mlangoni ameshika kiuno.

"Kaka, hii ni ndege au shuka la bweni?"

"Itaruka, mdogo wangu."

"Hata kuku ana mabawa."

Yeye hakuwa na kiraka hata kimoja. Hata rangi alikataa kupaka, ili watu wauone weusi wenyewe. Ikawa yuko peke yake bandani, anarudi kinyumenyume simu ikiwa juu, apate picha yake na bawa zima. Kiwiko kikagusa mtaimbo ulioegemezwa ukutani. Mtaimbo ukaanguka juu ya bawa, karibu na pale abiria anapokanyaga akipanda. Akainama kutazama. Hakuna kitu. Akapafuta kwa kitambaa, akapiga picha yake.

Sasa, wanaounda ndege za namna hii wana desturi. Huchukua sarafu wakaligonga bawa lote, kidogo kidogo, wakisikiliza. Palipo pazima hulia ti, ti. Palipoachana vitambaa kwa ndani hulia du. Elifuraha aliifuata desturi hiyo bila kukosa, tena mbele za watu. Ila sarafu yake ikifika pale mtaimbo ulipoangukia, huruka, ikaendelea mbele. Hakujiuliza kwa nini. Mkono ulizoea tu.

Desemba ikafika, ukoo ukapanda mlimani kutoka kila mji, kama ilivyo kwa Wachaga. Ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, ikaliwa. Asubuhi yake wote wakateremka kwenye uwanja wa nyasi huko tambarare, maana mama alikuwa ameahidiwa kuiona migomba yake kutoka juu. Ndege mbili zilikuwa zimesimama. Moja ina mabaka kama ng'ombe, nyingine inang'aa. Ukoo haukuhitaji kikao.

"Mama apande ile inayofanana na sisi!" shangazi mmoja akapaza sauti. "Na wewe Anaeli, hiyo yako ipeleke kwa daktari wa ngozi!"

Wakacheka. Anaeli naye akacheka, kule mbali aliko, akaendelea kufuta kioo cha ndege yake.

Mama akajifunga kanga kiunoni, akaweka mguu kwenye bawa jeusi. Ili asiyumbe, akajishika kwa mkono. Pete yake ya ndoa, ambayo hakuivua hata baada ya kumzika mumewe, ikagonga.

Du.

Waliokuwa karibu waliisikia, wakaona ni pete imegonga ndege. Mmoja tu ndiye aliyejua amesikia nini.

Elifuraha akawatazama watu. Simu zote zilikuwa zimeinuliwa. Binamu zake kutoka Dar, wale waliokuwa wakimwita injinia tangu jana, walikuwa mstari wa mbele. Mama alikuwa ameshainua mguu wa pili.

"Mama, shuka. Hapo paliangukiwa na mtaimbo, na mimi sikusema."

Simu zikashuka. Mtu akaguna. Mama akashuka, akapita katikati ya watu mpaka kwenye ndege ya viraka, akapanda. Akaiona migomba yake.

Elifuraha akabaki chini na ukoo, na ukoo ukamtania mpaka ndege iliporudi. Wanamtania hata leo. Wageni walipoondoka, alilikata bawa mahali pale. Ngozi ya juu ilikuwa nzima. Chini yake vitambaa vilikuwa vimeachana kama maganda ya kitunguu, hakuna kilichomshika mwenzake.

Basi. Mtu wa faiba doa lake linamsema. Watu wakamcheka, lakini akapata kiraka. Mtu wa kaboni hasemwi na kitu, mpaka afungue kinywa mwenyewe. Ninyi mlionyooka hapo mbele, mnaong'aa, sitaki kujua nani kati yenu aligongwa, wala lini. Nauliza tu: huyo anayeweka mguu juu yako leo, umemwambia?