Sikudhani na Ngazi ya Ghala

Nimekuja na hadithi!
— Itoe tuione!
Nikiitoa mtaitika?
— Mpaka sauti zikauke!

Haya. Hapo kale, wanyama walipolima shamba moja na kula chungu kimoja, aliishi Sikudhani. Mama yake punda, baba yake punda milia. Mwili wa kijivu kwa mama, miguu ya mistari kwa baba. Mzuri? Mzuri hasa! Ningekuwa na miguu ile mimi, viatu ningevaa vya nini?

Mtambaji wa mji ule alikuwa Nyani, na Nyani alikuwa na hadithi tatu tu. Ya kwanza, nusu punda nusu milia ni mwizi. Ya pili, nusu punda nusu milia ni mwizi. Ya tatu, nusu punda nusu milia anakufa mwishoni, ili wengine walie wajione wana huruma. Basi watu wakimwona Sikudhani, wanafunga milango.

Mwaka huo mahindi ya ghala yakaanza kupungua. Leo debe, kesho debe, keshokutwa debe. Mama Kanga, mlinzi wa ghala, akapiga kelele, "Jamani, nani?"

"Unauliza, na hadithi unazijua?" akasema Nyani. "Kesho alasiri nitasimulia ilivyokuwa. Mkiridhika, Sikudhani ahame."

Ahamie wapi masikini? Kazaliwa pale, kitovu chake kimezikwa pale. Alilia mpaka pua ikavimba.

Sasa sikilizeni, na wewe Machano acha kutafuna! Mji ule ulikuwa na desturi: anayetajwa kwenye hadithi husimama akaigiza. Akishindwa, mtambaji mwenyewe humwonyesha. Hakuna kukataa.

Alasiri ikafika, mji mzima mbele ya ghala.

"Sikudhani akanyata!" Nyani akaanza.

Sikudhani akanyata. Ko! Ko! Ko! Kwato hizo.

"Mwanangu," akasema Mama Kanga, "ndivyo unavyonyata? Mbona ningeamka!"

"Akapanda ngazi!"

Ghala lilikuwa juu ya nguzo ndefu. Sikudhani akaweka kwato, ikateleza. Akaweka tena, ikateleza. Mara ya tatu akaanguka kwa makalio, puu! Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Akapenyeza mkono!" Nyani sasa anafoka.

Sikudhani akainua mguu. "Mkono upi, Bwana Nyani?"

"Unaniharibia hadithi!"

"Kweli, mimi sijui. Nionyeshe basi, wewe ndiye fundi."

Weee! Nyani na sifa! Akanyata, hata jani halikulia. Akapanda ngazi kwa hatua mbili. Akainua kipande cha makuti, akatumbukiza mkono mpaka begani, akatoa hindi. "Hivi! Mmeona?"

Tumeona?
— Tumeona!

Mama Kanga akasema, "Miaka yote nalinda ghala hili, tundu hilo silijui. Wewe umelijuaje?"

Nyani akatazama hindi. Akatazama watu. Akaruka chini, akatimua mbio, na mpaka leo akikuta watu shambani hukimbia kabla hajaulizwa.

Mama Kanga akamwomba radhi Sikudhani mbele ya wote, kisha akamkalisha kwenye kigoda cha mtambaji. "Tuambie wewe."

Sikudhani akakohoa kidogo. "Palikuwa na nusu punda nusu milia. Akaamka. Akanywa maji. Akagombana na shangazi yake, wakapatana, wakala."

Watoto wakangoja. Wakangoja. Mmoja akashindwa kuvumilia: "Halafu anaiba?"

"Aibe nini, na ameshiba?"

"Basi anakufa?"

"Afe ana nini?" akasema Sikudhani. "Kesho ana shamba la kulima."

Hadithi yangu imefika mlangoni, nani ataifungulia?
— Sisi!
Ikiingia, ipeni kiti. Msiiulize baba yake nani.
— Hatuulizi!